Pasta, Mbona Masikio Yako Yana Betri?



Tangu Jumapili ile mliponiona madhabahuni na vitu viwili vya kijivu nyuma ya masikio, simu yangu haijapumzika. Kina mama mmeuliza kwa upole kama ninaumwa. Vijana wa sifa mlidhani ni vile vya kusikilizia muziki, na mmoja akataka kujua nimevinunua wapi na kwa pesa ngapi. Lakini ujumbe uliokaa nami zaidi ulikuwa wa mstari mmoja: "Pasta, wewe unaombea watu masikio yanafunguka, mbona yako umeyawekea betri?"

Sikukasirika. Ni swali la haki, na najua aliyeliandika amewasemea wengi walionyamaza. Nimelibeba wiki tatu. Leo nalijibu, ila nitaanza mbali kidogo, kwa hiyo keti na chai yako usome pole pole.

Kwanza ufahamu kilichopungua. Mimi nasikia. Nasikia lori likipanda pale stendi ya Migori, nasikia ngoma, nasikia mlango ukibamizwa. Kilichoniponyoka miaka hii ni herufi. Chukua maneno manne: fika, shika, pika, sifa. Ukiondoa f, sh, p, k na s, unabaki na nini? Unabaki na "i-a" moja inayofanana. Irabu zina sauti nzito yenye nguvu, zinafika. Lakini zile herufi nyembamba za pumzi, s na f na sh na ch, ziko juu sana na hazina nguvu, na ndizo zinazobeba maana. Kwa hiyo mtu wa hali yangu anakwambia, "Nakusikia, lakini sikuelewi," na wewe unadhani anakudharau. Unarudia kwa kupaza sauti. Kupaza sauti kunaongeza zile "i-a" alizokuwa tayari anazisikia, na herufi bado hazipo. Sasa wote wawili mmekasirika.

Wajaluo tuna neno moja, winjo, linalobeba kusikia na kuelewa pamoja. Mtu akisema "ok awinji" inabidi umtazame usoni ujue ni lipi kati ya mawili. Kiswahili nacho humwita mtoto mtiifu msikivu, kana kwamba utiifu unakaa sikioni. Lugha zetu zinafanya kusikia kuwe jambo la moyo, na ni vizuri, mahubiri mengi yametoka hapo. Lakini upande wa pili wake ni mchungu: asiyesikia anahesabiwa mkaidi, au mwenye kiburi, au mjinga. Walimu wamewachapa watoto kwa ajili hiyo.

Yalianzaje? Kabla ya kwenda chuo cha Biblia nilifanya kazi miaka minne kwenye mashine ya kusaga mahindi karibu na Rongo, ya dizeli, ndani ya kibanda cha mabati. Ukitoka jioni masikio yanalia "nziii" mpaka usiku wa manane. Baadaye ikaja huduma: mikutano ya hadhara, makesha, spika zikiwa hatua mbili kutoka kichwani. Na kama kila mtoto aliyekulia karibu na ziwa nikiwa na umri huu wangu wa miaka arobaini na kitu, nimekunywa na kudungwa kwinini ya malaria mara nyingi. Mnaoijua kwinini mnakumbuka jinsi ilivyofanya masikio yavume. Kwa kawaida uvumi huo hupita dawa ikiisha. Mtaalamu aliyenipima Kisumu aliniambia hakuna anayeweza kukata na kusema hiki kimechukua fungu hili na kile fungu lile.

Alinieleza kwa njia ambayo sikuisahau. Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojikunja kama konokono, na ndani yake seli zenye vinyweleo kama elfu kumi na tano kwa kila sikio. Hizo ndizo zinazogeuza mtikisiko wa hewa kuwa habari ambayo ubongo unaisoma. Tunazaliwa nazo, na zikifa kwa mwanadamu hazioti tena. Za kupokea sauti nyembamba zimekaa mlangoni, za sauti nzito ziko ndani zaidi. Mimi nikaelewa kwa lugha ya shamba: mahindi yaliyo karibu na lango ndiyo yanayokanyagwa kwanza.

Kipimo chenyewe hakina maumivu. Unaingizwa chumba kidogo kisichopitisha kelele, unavikwa visikilizio, unabonyeza kitufe kila unaposikia mlio. Nilibonyeza kwa bidii. Halafu kikafika kimya kirefu, nikawa namwona mtaalamu kupitia kioo akigusa mashine yake, akigusa tena, akigusa tena, na mimi sina cha kubonyeza. Karatasi ilipotoka, mstari ulianza juu vizuri kisha ukatelemka kama mtu anayeshuka vilima vya Gwassi kwenda ziwani. Nilikunja ile karatasi nikaiweka ndani ya Biblia, nikapanda gari la Kisii nikanyamaza mpaka Oyugis.

Bei mnataka kujua, nawajua. Kwa Kenya hii mashine mbili ni makumi ya maelfu ya shilingi, na za hali ya juu zinafika laki kadhaa. Zangu si za juu. Nililipa kwa mkopo wa sacco na bado nalipa.

Sasa niwaambie siku ya kwanza, kwa sababu wengi mnadhani ni kama miwani: unavaa, unaona. Mtaalamu aliziwasha, akasema jina langu, na nikaisikia "s" ya "mchungaji, sasa unasikiaje" ikinichoma kama sindano. Nikajibu, na sauti yangu mwenyewe ikanirudia kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Nje ilikuwa vurugu. Mfuko wa plastiki uliokunjwa na mama kando yangu ulilia kama moto wa nyasi. Viatu vyangu vilikuwa na kelele. Funguo, sarafu, kalamu ikiandika, kurasa za Biblia. Ndani ya matatu nilisikia kila kitu kwa ukubwa ule ule: injini, redio, upepo, mtoto analia, na kondakta ambaye ndiye nilitaka kumsikia, yeye akazama humo. Nilipofika nyumbani kichwa kiliniuma nikazitoa, nikaziweka mezani, nikakaa kwenye kile kimya changu nilichokizoea, na kilikuwa kitamu.

Usiku ule nikasoma Marko sura ya 8, yule kipofu wa Bethsaida. Mnamkumbuka. Bwana alimwekea mikono, kisha akamuuliza kama anaona kitu, naye akasema anaona watu lakini wanaonekana kama miti inayotembea. Ikabidi awekewe mikono mara ya pili ndipo akaona sawasawa. Nimehubiri kifungu hicho mara nyingi, Migori na Homa Bay, na siku zote nilikimbilia ile mara ya pili. Usiku ule nilikaa kwenye miti. Macho yamefunguka, nuru inaingia, lakini kichwa bado hakijui kupanga kilichoingia. Ndivyo nilivyokuwa. Sauti zimerudi, ila zimerudi kama miti inayotembea.

Na sababu yake inaeleweka. Ubongo uliokaa miaka bila sauti nyembamba umesahau cha kufanya nazo. Mtu mwenye masikio mazima anasikia jokofu likinguruma, lakini ubongo wake ulishaamua zamani kwamba hilo si la maana, ukalitupa. Wangu ulikuwa unaletewa jokofu, saa ya ukutani, kijiko na sauti ya mke wangu, vyote kwa mkupuo, na kila kimoja kinadai kusikilizwa. Kuvipanga upya kunachukua majuma, kwa wengine miezi. Nilianza saa mbili kwa siku ndani ya nyumba, na mtu mmoja tu wa kuongea naye. Kisha uani. Kisha dukani. Soko la Migori nililiacha mpaka wiki ya nne. Mashine ikikaa kwenye droo, ubongo haujifunzi chochote. Watu wengi wanakata tamaa wiki ya pili na kusema "hizi vitu hazifanyi kazi". Ukiona umefika wiki ya pili, vumilia. Ukiona bado zinakuumiza, rudi kwa aliyekufungia azirekebishe, usione haya kurudi mara tatu.

Kilichonivunja moyo, kwa namna ile nzuri ya kuvunjika, ni siku ya tisa. Kitinda mimba wetu ana miaka sita. Alikuja jikoni akaniambia jambo kuhusu sahani, na nikamsikia. Ana kithembe. Anasema "thahani". Nilimgeukia mke wangu nikamuuliza tangu lini, akanitazama kwa mshangao akasema, "Tangu aanze kuongea, baba yake." Nyumba nzima inajua, shangazi zake wanajua, mwalimu wa Sunday school anajua, na mimi ndiye niliyekuwa nikimjazia mtoto herufi kichwani mwangu, ninampa "s" ambayo hana. Nilimwomba aseme tena. Akasema tena. Nikamwomba ahesabu kutoka sita hadi kumi na saba, akanicheka, akaenda kucheza.

Kuna mengine madogo niwape kwa haraka, maana yanawahusu ninyi. Ukinikumbatia kwa nguvu baada ya ibada, mashine inapiga mluzi kwa sababu sauti yake inagonga bega lako na kujirudia; usiruke, si pepo. Nikihubiri natoka jasho, mnanijua, na jasho na mashine ni maadui, kwa hiyo nazifuta kila baada ya ibada na usiku nazilaza kwenye kopo lenye vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Mvua ikipiga mabati, nazizima kabisa. Betri zangu ni ndogo kuliko kifungo cha shati na zina kibandiko cha rangi ya kahawia. Ukikibandua hewa inaingia na betri inaanza kufanya kazi, hata usipoitumia inaendelea kuisha. Moja inanifikisha wiki moja na siku kadhaa. Kule Homa Bay, ambapo nahubiri kwa Kiswahili na mkalimani ananigeuzia kwa Dholuo, nimemwomba asimame upande ninaoona midomo yake, sio nyuma yangu. Tangu hapo tunakwenda vizuri kama ng'ombe wa jembe moja.

Haya. Swali.

Nimeombewa? Ndiyo. Wazee wameniwekea mikono, nimefunga, mama yangu mzazi anaomba hadi leo. Naamini Yesu anafungua masikio? Naamini, na nitaendelea kuombea kila anayekuja mbele, pamoja na mimi mwenyewe. Masikio yangu yamefunguka? Bado. Hizo ndizo habari zangu, sina nyingine za kuwapa, na siwezi kusimama mbele yenu niwape ushuhuda ambao sijapewa.

Lakini nitazame safu za wazee wa kanisa. Katika wazee tisa, saba wanavaa miwani. Mzee anapanda kusoma Neno, anatoa miwani mfukoni, anaifuta kwa leso, anasoma. Hakuna aliyewahi kumwandikia ujumbe kumuuliza mbona macho yake yana vioo na bado anaombea vipofu. Mbona kioo cha jicho ni hekima na betri ya sikio ni kukosa imani? Nimefikiri sana nikaona jibu moja tu: miwani tumeizoea. Hata inampa mtu heshima, anaonekana msomi. Mashine ya sikio inampa mtu uzee.

Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara, 1 Timotheo 5. Huyu ni Paulo ambaye leso zilizogusa mwili wake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, Matendo 19. Angeweza kumtumia leso. Alimtumia ushauri wa tumbo.

Ningeishia hapo kama jambo lingekuwa mimi tu na mshirika aliyeniuliza. Kuna mama mmoja ninayemfahamu, si wa kanisa letu, nyumbani kwake ni upande wa Homa Bay. Watoto wake walichanga miaka miwili wakamnunulia mashine. Akaenda mkutano mmoja wa uponyaji, sitasema wa nani wala wapi. Mhubiri akasema mwenye imani avue. Akavua. Watu wakashangilia, mashine zikaanguka chini kwenye nyasi katikati ya miguu ya watu, na muziki ukiwa juu vile hata asiyesikia anahisi ngoma kifuani, akadhani anasikia. Asubuhi yake, kimya. Alirudi uwanjani na mjukuu wake wakatafuta mpaka saa sita. Walipata moja, imekanyagwa. Nilipomtembelea aliniambia kitu kimoja ambacho mpaka leo kinanichoma: kwamba pengine imani yake ndiyo ilikuwa ndogo. Yaani amepoteza masikio, amepoteza pesa za watoto, na juu ya hayo amebebeshwa lawama.

Kwa hiyo nasema wazi, na muisome mara mbili. Katika kanisa hili hakuna mtu atakayeambiwa avue mashine, atupe miwani, aache dawa za presha, za sukari, za kifua kikuu au ARV ili kuonyesha imani. Ukiamini umeponywa masikio, haleluya, njoo nikukumbatie upige mluzi wa mwisho. Kisha panda gari uende upimwe tena. Wale wenye ukoma kumi, Luka 17, Bwana aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, na kazi ya kuhani katika sheria ilikuwa kukagua ngozi na kutangaza kama mtu ni safi. Uponyaji wa kweli hauna haja ya kukimbia kipimo. Ule mstari ulioshuka kama Gwassi ukinyooka, tutauchapisha tuubandike mlangoni.

Kuna jambo lingine katika Marko, safari hii sura ya 7, yule kiziwi wa nchi ya Dekapoli. Kabla ya kumgusa, Yesu alimtoa katikati ya umati, akampeleka kando, wawili tu. Wahubiri tunakimbilia kufunguka kwa masikio. Lakini mtu yeyote anayevaa mashine atakwambia maana ya kutolewa kwenye kelele. Sauti ya kwanza aliyoisikia mtu yule haikuwa ya umati ukipiga makelele. Ilikuwa sauti moja, ya mtu aliyesimama karibu, uso kwa uso.

Na hapa nigeukie spika zetu. Shirika la Afya Duniani linashauri kipimo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, zaidi ya hapo sikio linaanza kuumia. Desibeli hazipandi kama bei ya sukari. Kila ukiongeza 3, muda salama unakatwa nusu. Ukifika 90, una saa nne tu kwa wiki nzima. Ukifika 100, ni kama dakika ishirini. Nilimwomba kijana wa mitambo apime kwa simu yake katikati ya sifa, na ingawa simu si chombo cha kuapia, ilicheza kati ya 97 na 101 pale walipoketi watoto. Ibada yetu ni saa tatu. Tumehamisha spika kutoka upande wa watoto, tumezipandisha juu ya vichwa, na tumeshusha sauti. Najua kuna walionung'unika kwamba upako umepungua. Eliya kule Horebu alipitiwa na upepo, tetemeko na moto, na Bwana hakuwa ndani ya hivyo. Someni 1 Wafalme 19 wenyewe, nisiongeze. Wale mnaofanya kazi kwenye mashine za kusaga mawe ya dhahabu kule Macalder, na kwenye vinu vya posho, ninyi nunueni vizibo vya masikio. Si ghali. Ningekuwa na uwezo ningegawa mlangoni kama karatasi za matangazo.

Wazazi, sikilizeni na hili. Shirika hilo hilo linasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na mambo yanayoweza kuzuiwa. Sikio linalotoa usaha si "litapoa lenyewe". Usimwagie mafuta ya kupikia, usichokoe kwa njiti ya kiberiti wala unyoya wa kuku. Mpeleke hospitali. Wakati mwingine ni nta tu imeziba, inatolewa na mtoto anasikia siku hiyo hiyo. Na mtoto asiyeitika ukimwita akiwa amekupa mgongo, kabla hujatafuta fimbo, mpimishe.

Kuhusu wazee wetu. Barzilai alikuwa na miaka 80 Daudi alipomwalika Yerusalemu, 2 Samweli 19, naye akakataa. Kati ya sababu alizotoa ni kwamba hawezi tena kusikia sauti za waimbaji wanaume kwa wanawake. Mzee tajiri, rafiki ya mfalme, anakataa meza ya ikulu kwa sababu ya masikio. Sasa hesabu wazee walioacha kuja ibada yetu hapa. Tunasema wamepoa kiroho. Tunasema mzee amechanganyikiwa, ukimuuliza hili anajibu lile. Kuna mama mmoja mpendwa alikuwa anajibu "Amina" kwa kila kitu, hata alipoulizwa jina na mgeni, na tulicheka, naye akacheka nasi, akijua kwamba amepitwa. Mtu akicheka hivyo mara hamsini, ya hamsini na moja anabaki nyumbani. Madaktari nao wanazidi kulisema: tume ya jarida la Lancet, mwaka 2020, iliweka kutosikia vizuri kati ya mambo yanayoongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu uzeeni, na ni kati ya yale yanayoweza kushughulikiwa.

Ila wanawe wanaotuma vitu kutoka Nairobi, tafadhali. Kile cha bei nafuu cha kupaza sauti kinachouzwa mtandaoni bila kipimo kinakuza kila kitu sawasawa, mlango na herufi pamoja. Baba mmoja alitumiwa, akavaa siku mbili, akakifunga kwenye kitambaa na kukiweka juu ya kabati pamoja na hamu yake ya kujaribu tena. Mleteni apimwe kwanza.

Na msinichanganye na viziwi. Wapo ambao mashine hizi hazina cha kukuza, na wengi wao hawajioni kama watu wanaongoja kutengenezwa. Wana lugha yao kamili. Lugha ya Ishara ya Kenya imo ndani ya Katiba ya 2010, na ni moja kati ya lugha tatu rasmi za Bunge. Tuna shule za viziwi karibu nasi, Kuja huku Migori na Lambwe upande wa Homa Bay, na vijana wanaotoka humo wanapita mbele ya milango ya makanisa yetu kila Jumapili bila sababu ya kuingia, kwa kuwa ndani hakuna mtu anayejua hata kusema "karibu" kwa mikono. Zakaria alipokuwa hawezi kusema, ndugu zake walimfanyia ishara kumuuliza mtoto aitwe nani, Luka 1. Ndugu zake walijaribu. Dada wawili wa idara ya wakaribishaji wameanza kujifunza kwa mwalimu mstaafu, na wakiwa tayari nitawatangaza.

Utaratibu kuanzia Jumapili hii ni huu. Safu mbili za mbele upande wa kulia, mbali na spika na karibu na mimbari, ni za yeyote anayetaka kuona midomo. Huulizwi kwa nini umekaa hapo, na kijana akikukuta hapo na umri wako, asikuinue. Muhtasari wa mahubiri utatumwa kwenye kundi letu Jumamosi jioni, ili mtu aje akijua sura tunayosoma. Nikiwa naongea nawe baada ya ibada, njoo mbele yangu, usiniite kutoka nyuma, na ukiona nimekuomba urudie, badilisha maneno badala ya kupaza sauti. Nyumbani kwangu maombi ya Jumatano yanaendelea saa kumi na moja, na anayetaka kuzishika mashine azione kwa karibu aje, nitazitoa apige picha. Betri zilizoisha msimpe mtoto achezee, akimeza zinaunguza koo kwa saa chache tu. Tieni kwenye kopo lenye kifuniko, nitazikusanya mimi.